Mlingoti Kwenye Uwanja wa Furu

Mabomba ya maji ni mazito kuliko yanavyoonekana, na yakilala juani tangu asubuhi huwa mazito zaidi. Hilo ndilo jambo la kwanza nililojifunza katika kazi ya redio.

Mimi nilikuwa nimekwenda kwa Fundi kujifunza saa na cherehani. Shule niliishia darasa la nne, nafasi ya kuendelea haikupatikana, na kwetu Butiama vijana wa kuchunga walikuwa wengi kuliko ng'ombe wenyewe. Tena nilikuwa na haya. Mama mzazi alikuwa akiwaambia wageni kwamba mtoto huyu akishika moto, atanyoosha mkono kwanza asubiri aitwe. Kwa hiyo mjomba wangu alinitafutia kazi ya kukaa na vitu vidogo visivyouliza maswali.

Duka la Fundi lilikuwa mtaa wa Mwisenge, karibu na ziwa, chumba kimoja cha mbele chenye meza ya kazi, na nyuma yake nyumba aliyoishi na mkewe. Yule mke nilimwita Mama, naye aliniita mwanangu, hasa akitaka maji. Baba yake Fundi alikuwa Mbulushi na mama yake mtu wa Tabora. Wakati wa vita Fundi alikuwa askari wa simu. Alipotoka jeshini aliomba leseni kwa serikali, akapewa ruhusa ya kuwa na redio ya kusemea, si ya kusikilizia tu. Hakulipwa na mtu. Ilikuwa ni kupenda tu, kama wengine wanavyopenda bao. Jioni alikaa na kitufe chake akigonga nukta na mistari, na mtu wa Mwanza au Nairobi akamjibu kwa kugonga vilevile.

Alikuwa na kaka mmoja tu, aliyerudi na jamaa za baba yao mpaka Karachi. Kaka huyo alikuwa mgonga simu wa melini kabla ya kustaafu, naye alikuwa na redio nyumbani kwake. Walikuwa hawajaonana tangu wakiwa vijana, na walikuwa hawajawahi kusikilizana hewani hata mara moja.

Mwaka ule, kiangazi kilipokuwa kinakaribia kwisha, jamaa yao mmoja aliteremka kwenye meli iliyotoka Kisumu, akaja dukani na salamu. Alisema kaka anaumwa miguu, ameuza nyumba. Mwisho wa mwezi ujao atahamia kwa mwanawe, chumba cha juu katika jengo la watu wengi, na mwenye jengo hataki waya hata wa kuanikia nguo. Redio itauzwa.

Fundi aliweka chini saa aliyokuwa ameishika.

"Basi tuna mwezi huu na ujao," alisema.

"Na mvua je?" aliuliza Mama kutoka mlangoni. "Mvua zikianza wewe mwenyewe unasemaga redio inakaanga mahindi."

Alisema kweli. Ziwani kwetu radi zikianza, redio hailii ila kukwaruza. Kwa hiyo tulikuwa na muda wa kiangazi kilichobaki, usiozidi hapo. Yule jamaa alikuwa amekuja na ahadi ya kaka: kila jioni baada ya magharibi ataita kutoka Karachi, Fundi asikilize na kujibu.

Tatizo lilikuwa kwamba redio ya kaka ilikuwa ya kujitengenezea, ndani yake mna kipande cha jiwe kilichochongwa kwa wimbi moja tu, wimbi refu la mita themanini. Hakuwa na jingine. Na waya wa Fundi ulikuwa umelala, kutoka bati la nyumba mpaka kwenye mti wa jirani. Waya wa kulala chini namna ile, alinieleza, hurusha sauti juu kama mtu anayetema mate akiwa chali. Sauti inarudi papa hapa, Mwanza, Nairobi. Ya kwenda Karachi inatakiwa itoke chini chini, ifuate ukingo wa dunia. Kwa hiyo unatakiwa mlingoti wa kusimama.

"Urefu gani, Fundi?" niliuliza.

"Kitabu kinasema robo ya wimbi. Futi sitini na sita."

Nilitazama bati la nyumba, nikajaribu kupandisha nyumba nyingine juu yake, kisha nyingine. Nilichoka kabla hatujaanza.

Mabomba tuliyapata Bunda, kwenye kinu cha pamba, yaliyotolewa kwenye mfereji wa zamani. Mhandisi wa pale alikuwa na deni la shukrani kwa Fundi kwa sababu ya gramafoni, akatupa pia mota iliyoungua, ndani yake shaba imezungushwa nyuzi kwa nyuzi. Nilirudi juu ya lori la marobota, nimekalia mabomba, nimekumbatia mota. Nyumbani nilikaa siku nyingi nikifumua zile nyuzi za shaba mpaka vidole vikawa vyeusi.

Sasa hapa ndipo tulipokosea, na tulikosea mtaa mzima. Kila mtu aliyepita dukani alisema jambo lile lile: kwa nini mhangaike na futi sitini na sita, na kilima kile pale? Nje kidogo ya Mwisenge kuna kilima cha mawe, mawe makubwa yaliyopandana. Sisi watu wa Mara tukitaka kuona mbali tunapanda jiwe. Ng'ombe akipotea unapanda jiwe, mgeni akichelewa unapanda jiwe. Fundi mwenyewe aliona ni akili. Mabomba mafupi, kama futi thelathini, juu ya kilima, na kilima kitajaza pengo.

Tuliyapandisha mimi na wapagazi wawili. Wapagazi walipofika nusu walikaa.

"Kijana," alisema mmoja, "huyo ndugu yake hawezi kuandikiwa barua?"

"Wanaandikiana," nilisema.

"Na bado?"

"Bado."

Walicheka, wakainuka. Tuliusimamisha mlingoti juu ya chupa nene ili chuma kisiguse jiwe, tukaushikilia kwa waya pande tatu. Zile nyuzi za shaba tukazitandaza chini kuzunguka kitako chake kama miale ya jua. Fundi alisema hizo ndizo miguu yake, mlingoti wa kusimama hausemi bila miguu. Betri ya gari niliipandisha mimi mgongoni, na niliiteremsha mimi, kila siku, ikachajiwe.

Jioni ya kwanza Fundi aliswali magharibi pale pale juu ya jiwe, kisha akavaa visikilizio masikioni. Alikaa. Halafu akaninyooshea kidole, nisipumue.

"Ni yeye," alinong'ona. "Ni mkono wake."

Kila mgongaji ana mkono wake, alinieleza baadaye, kama kila mtu na mwendo wake. Kaka yake alikuwa akiuvuta kidogo mstari wa mwisho wa kila neno, tangu alipokuwa anamfundisha Fundi kugonga kwenye sahani ya bati utotoni. Fundi alijibu. Aligonga mpaka jasho likamtoka. Kule mbali kaka aliendelea kuita vilevile, akanyamaza, akaita tena, akafunga.

"Hanisikii," alisema Fundi.

Ikawa hivyo kila jioni. Yeye anamsikia kaka anaita, anajibu, kaka hamsikii. Nadhani ingekuwa afadhali asingesikia kitu. Alikuwa akishuka kilima, mkono begani kwangu, na betri mgongoni kwangu, na nilikuwa siwezi kusema neno kwa sababu ya haya na kwa sababu ya pumzi.

Siku moja aliniambia nipandishe ndoo mbili za maji. Sikuuliza. Nilipofika akaniambia nimwage kwenye kitako cha mlingoti, juu ya zile nyuzi. Aliangalia mshale wa kipimo kwenye redio. Ulisogea kidogo. Tukakaa, jua likalikausha jiwe, mshale ukarudi ulipokuwa.

Fundi aliweka kiganja juu ya lile jiwe.

"Kilima hakimo kwenye hesabu," alisema. "Kilima si mlingoti. Nguvu yote inaliwa na hili jiwe. Kusikia nasikia, lakini nikisema, nasema na jiwe."

"Nilete maji mengine?"

"Utamwagilia jiwe mpaka lini, mwanangu? Tushuke. Tunataka udongo mbichi."

Mwezi wa kwanza ulikuwa umekwisha.

Udongo mbichi ulikuwa Mwigobero, ufukweni. Lakini kila kipande cha ufukwe kilikuwa na mwenyewe. Mitumbwi ilikuwa na sehemu yake, nyavu sehemu yake, na pale palipotufaa, tambarare na penye unyevu chini, palikuwa pa akina mama wa furu. Furu ni samaki wadogo wa ziwa, wanaanikwa kwenye mchanga mpaka wakauke wapelekwe bara. Akina mama wale walikuwa wakiwatandaza asubuhi na kuwageuza mchana kwa fagio ndefu. Waya wowote juu ya mchanga ule ungekwenda na fagio.

Fundi alisema yeye ni mwanamume mzima, hawezi kwenda kujadiliana na wake za watu uwanjani mwao. Akanituma mimi.

Nilisimama pembeni mpaka mwili ukawa na harufu ya furu. Mwishowe mkubwa wao, mama mnene mwenye sauti ya kuita mtumbwi ulioko kisiwani Rukuba, akaniona.

"Wewe kijana wa Fundi! Umekuja kununua au umekuja kuoa?"

Wote walicheka. Nilisahau kila nilichopanga.

"Shikamooni," nilisema.

"Marahaba. Sasa sema, baba. Tunageuza samaki hapa, hatugeuzi masikio."

Nilisema kwamba Fundi anaomba kusimamisha mti katikati ya uwanja wao, na kufukia nyuzi chini ya mchanga pande zote.

"Za nini?"

"Za kuongea na kaka yake. Yuko Karachi."

"Karachi ni upande gani, ng'ambo ya Rukuba?"

"Mbali zaidi, mama."

"Na hizo nyuzi zitapika samaki wetu?"

"Hapana, mama."

"Zitaita radi?"

Nilisema radi ikikaribia Fundi anachomoa waya. Mmoja wao alisema tusikubali, chuma cha kusimama kinaita radi, kila mtu anajua. Yule mkubwa aliegemea fagio lake.

"Huyo kaka ni tumbo moja?"

"Tumbo moja. Na mwisho wa mwezi huu anauza redio."

Walizungumza kwa lugha ya kwao, kwa haraka, nikashika nusu tu. Kisha mkubwa akanigeukia.

"Fukieni, lakini kina cha mkono, fagio lisishike. Fukieni kabla mitumbwi haijafika asubuhi. Na wewe, kwa kuwa utakuwepo hapa unalinda mti wako, utafukuza na ndege. Tunachokaga kufukuza ndege."

Hivyo nikawa mfukuza korongo na kunguru wa Mwigobero. Alfajiri nilichimba mifereji, nikafukia shaba, nikasawazisha mchanga kama kitanda. Mchana nilikimbia na fimbo. Jioni nilibeba betri. Mama alinipikia ugali mkubwa kuliko wa mumewe, akaniambia, "Kula, maana huyu kaka wa mume wangu sasa ni mtoto wako."

Tulisimamisha mabomba yote, yale tuliyoyateremsha kilimani na yaliyobaki, futi sitini na sita kama kitabu kilivyosema. Wavuvi walitusaidia kuvuta. Fundi alirudi nyuma kuutazama, na kwa mara ya kwanza tangu kilimani alitabasamu. Ulikuwa mrefu kweli, ulikuwa mzuri. Mchana upepo wa ziwa ulipoamka, mlingoti ulipinda katikati taratibu kama mtu anayetaka kuokota kitu, ukalala juu ya furu.

Hakuna aliyeumia. Akina mama walikuja wakauzunguka.

"Fundi," alisema yule mkubwa, "huo mti wako umesikia njaa?"

Fundi hakucheka. Aliliinua bomba lililopinda, akaliangalia, akaliweka chini. Nyumbani hakula. Alikaa na kitabu chake mpaka Mama akazima taa ya dukani makusudi.

Asubuhi alinieleza. Kuna njia nyingine. Mlingoti ukiwa mfupi, unaweza kuwekewa nyuzi nne kileleni, zikashuka kama mbavu za mwavuli, na wimbi linadanganyika kidogo kuwa mlingoti ni mrefu. Haufikii ule mrefu wenyewe, alisema. Lakini mrefu wenyewe umelala.

"Sasa urefu gani?" niliuliza.

"Urefu tutakaopata wa kusimama bila kupinda. Kwenu si kuna mikaratusi?"

Nilikwenda Butiama. Mjomba alikuwa amepanda mikaratusi michache nyuma ya zizi, alikuwa anaiweka kwa ajili ya nyumba yake. Nilisimama mbele yake, yale maneno yamenikwama. Aliniacha nihangaike, kisha akaniuliza kama nimefukuzwa kazi.

"Hapana, mjomba. Nataka miti miwili."

"Ya nini?"

Nikamweleza yote, kwa mara ya kwanza maishani nadhani nilisema muda mrefu vile mbele yake. Alinisikiliza akinitazama kama mtu anayemsikia bubu akisema.

"Kwa hiyo mzee yule anamsikia ndugu yake, na ndugu yake hamsikii yeye."

"Ndiyo."

Alikwenda kuchukua shoka. Alikata miwili iliyonyooka zaidi, kila mmoja futi ishirini na tano, zaidi ya hapo lori la kusomba ngozi za ng'ombe lisingeweza kubeba. Nilirudi nayo imetokeza nyuma ya lori, kitambaa chekundu kimefungwa mwishoni, na mimi nimeikalia isiruke kwenye mashimo.

Mafundi wa mitumbwi pale Mwigobero waliunga ile miti miwili, wakaipandanisha futi tano, wakakaza kwa kamba iliyoloweshwa. Basi ikawa futi arobaini na tano. Nikapandisha shaba kutoka chini mpaka kileleni, na zile nyuzi nne za mwavuli zikafungwa kwenye vigingi nje ya uwanja. Kwenye kibanda cha nyavu tukaweka redio. Upepo wa mchana ulikuja, mti ukatikisika, ukasimama.

Zilikuwa zimebaki jioni chache, na mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa visiwani. Jioni ya kwanza redio ilikwaruza tu. Ya pili vilevile, na Fundi alisema hata hakumsikia kaka, sembuse kusikika. Siku ya tatu mchana ulikuwa na joto zito, akina mama waliondoa samaki mapema. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba niliketi mlangoni pa kibanda na fimbo yangu ya kunguru mkononi, na kunguru hawakuwepo tena.

Fundi aliswali. Alivaa visikilizio. Baada ya muda akaanza kugonga. Akaacha. Akasikiliza.

Niliona mabega yake yanashuka, nikadhani ni yale yale. Lakini hakuvua vile visikilizio. Alichukua kalamu akaandika herufi moja moja, halafu akagonga tena, haraka, halafu akacheka peke yake, sauti ya mtu ambaye ameitwa kwa jina la utotoni.

"Ananisikia," aliniambia bila kugeuka. "Ananisikia vizuri."

Walizungumza. Sikuelewa chochote ila ule mlio mdogo uliovuja kwenye visikilizio, nukta, mstari, ule wa mwisho ukivutwa kidogo. Fundi alikuwa akijisemea anachogonga, kama alivyozoea. Futi arobaini na tano. Ndiyo, miti miwili. Hapana, mchanga, ziwa. Mwavuli, nyuzi nne. Nyuzi za chini kumi na sita. Wewe je? Nguzo ya bendera? Nguzo ya bendera!

Radi ya kwanza ilimulika upande wa Rukuba. Nilisimama.

"Fundi."

Aliinua kiganja, nisubiri. Radi ya pili ilikuwa karibu zaidi, na visikilizio vikalia kama mahindi yanayokaangwa. Nilifikiria ahadi niliyowapa akina mama. Nilikwenda ulipo waya wa mlingoti nikaushika, lakini sikuweza kuuchomoa. Nilisimama tu, nimeushika. Yeye alinitazama, akagonga kitu kifupi mara mbili, akasikiliza huku amefumba macho. Kisha akasogea, akautoa waya kwenye redio mwenyewe, na mlio wote ukakatika.

Mvua ilitukuta njiani. Haikukatika tena jioni zote zilizobaki, na mwezi ukaisha.

Tulipofika nyumbani siku ile Mama alikuwa mlangoni na taa. Hakuuliza kama wamesikilizana, alimwona usoni.

"Haya niambie. Anasemaje?"

Fundi alikuwa akijipangusa maji kichwani kwa taulo.

"Anasema futi arobaini na tano zinatosha. Yeye alikuwa anatumia nguzo ya bendera."

"Na miguu yake?"

Fundi aliendelea kujipangusa.

"Na watoto? Na mkewe? Huko anakohamia watamtunza?"

"Hatukufika huko," alisema Fundi. "Radi ilituwahi."

Mama alimtazama, kisha akanitazama mimi niliyekuwa bado na betri mgongoni, mchanga mpaka magotini. Alichukua taulo kutoka mkononi mwa mumewe, akamkausha nyuma ya masikio kama mtoto, naye akamwacha amkaushe. Mimi niliteremsha betri, nikaenda kulala bila kula.